Maji na oili vimechanganyika kwenye injini ya lori? Usikimbilie kushusha hedi

Wakuu hili linaniuma sana, fundi anaona oili imegeuka nyeupe basi moja kwa moja anafungua hedi (kile kipande cha juu cha injini), anabadilisha gasketi inayoziba chini yake, anafunga, kesho yake tatizo liko palepale kumbe kilichotoboka ni oili kula, yaani kipozea oili kinachopitiwa na maji ya rejeta.

Kwanza zima injini na usiwashe tena, oili yenye maji inakula bering za krenki haraka mno. Mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa bado ya moto.

Pili, jua nani kamwingilia mwenzake. Injini ikiunguruma presha ya oili inacheza bar 3 hadi 5 hivi, ya maji ni kama 1 tu, kwa hiyo oili kula ikitoboka oili ndo inasukumwa kwenye maji, utaikuta inaelea juu ya rejeta. Ukizima, presha ya oili inakufa lakini maji ya moto bado yanasukuma, hapo ndo yanaingia kwenye oili. Rejeta ina oili? anza na oili kula. Rejeta safi ila oili ina maji? shuku laina (bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka, nje yake kuna maji) na oringi zake, yale mapete ya mpira yanayoziba maji kwa chini.

Tatu, hii ndo naiamini kuliko zote. Mwaga oili, shusha sampu (lile beseni la oili chini ya injini), funga pampu ya kupimia presha kwenye rejeta, pandisha mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wake, kisha lala chini na tochi na uwe na subira hata lisaa lizima. Tone likitoka nje ya laina kwa chini ni oringi, likishuka kwa ndani juu ya pistoni ni gasketi, ufa wa hedi au laina yenyewe imetoboka (wanaojaza maji matupu bila kulanti, ile dawa ya rejeta, ndo yanawakuta haya, vipovu vinaitoboa laina kwa nje kidogo kidogo). Kusipodondoka kitu rudia kwa maji ya moto bila kuwasha injini maana haina oili, kuna ufa unafunguka kwa joto tu.

Oili kula itoe, ziba upande mmoja, itumbukize kwenye maji ya moto, puliza upepo, uone mapovu.

Swali: Mkuu mimi weupe uko chini ya mfuniko wa oili tu, kijiti cha kupimia oili kisafi na maji hayapungui.
Jibu: Huo mara nyingi ni unyevu wa safari fupi fupi, injini haipati joto la kutosha. Tembeza safari ndefu halafu angalia tena.

Swali: Rejeta inabubujika ila oili safi kabisa, ni gasketi?
Jibu: Inawezekana, ila kaka anza na kampresa ya upepo wa breki, hedi yake inapozwa na maji hayohayo. Fungua bomba linalotoa upepo, washa, mapovu yakipungua umempata.

Swali: Nimeweka oili kula mpya mbona maji bado yana oili?
Jibu: Mabaki hayo. Osha na sabuni isiyo na povu, rudia mpaka maji yatoke safi, na mipira iliyovimba kwa oili itoe yote uweke mipya.