Joka mmoja hatoshi

Mnaoendesha Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, wachezaji wakishapita ngazi ya 15 acheni kuwaletea joka peke yake. Jumamosi hapa Ntinda, Kampala, nilimtoa joka mwekundu aliyekomaa, alama za uhai 256, nikidhani jioni nzima imepata kazi. Hakumaliza raundi ya pili. Rolex, zile chapati za mayai, zilikuwa bado za moto mezani!

Shida ni zamu. Watu watano wana zamu tano, yeye ana moja na vijitendo vya ziada. Ukimwongezea uhai mnarefusha tu kurusha dadu. Mpe wenzake: wapiga mishale wawili juu ya mwamba, na mchawi wa kuzima uchawi wa mchawi wao.

Lakini kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni usingizi. Mchawi wa wachezaji akilala usiku mzima huamka na uchawi wake wote, kwa hiyo kila pambano ni sikukuu kwake. Wiki hii nimewawekea mateka atakayeuawa alfajiri, wasipate muda wa kulala, na mapambano matatu njiani. Kwenye la pili tu, mchawi wetu alianza kuhesabu kilichobaki kwa vidole.