Jiko la uani la bibi kwa inchi nane kwa sita, namna ya kulijenga juu ya meza

Jiko tunalojenga hapa ni la kijumba cha midoli, dogo la kukaa juu ya meza. Kabla hujanunua gundi, kabla hujakata boksi hata moja, chukua futi kamba uende kwa bibi yako ukapime vitu. Pima kinu, pima mchi, pima mbuzi ya kukunia nazi, pima ungo, pima mpaka mafiga, na uandike kwenye daftari, kwa sababu macho ni waongo sana kwenye saizi. Mimi ningeapa kinu cha bibi yangu kinanifika kiunoni, kumbe sentimita 54 tu, ni vile nilikiona mara ya mwisho nikiwa mtoto.

Vijumba vya midoli, hivi vya watu wazima vya kukaa kwenye shelfu, mara nyingi vinajengwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yani futi moja ya kweli inakuwa inchi moja. Hapo sisi tuna bahati maana seremala wetu mpaka leo anaongea futi, ukimwambia nataka kitanda tano kwa sita hakuulizi kitu, basi kwenye kijumba kitanda hicho hicho ni inchi 5 kwa inchi 6, umemaliza. Vile ulivyopima kwa sentimita gawa kwa 12, kinu changu cha 54 kikawa 4 na nusu. Hata kile kijumba cha Malkia Mary pale Windsor, Uingereza, alichokisanifu Edwin Lutyens kikajengwa 1921 mpaka 1924, kimefuata kipimo hiki hiki, na mabomba yake yanatoa maji kweli. Sisi hatufiki huko, sisi tunataka mafiga matatu na bati lenye kutu.

Usianze na nyumba nzima. Nakuomba. Mimi nilianza na nyumba ya Kiswahili kamili, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, ua nyuma, nikaishia kwenye kuta za korido na boksi mpaka leo liko juu ya kabati linakula vumbi. Jiko la uani ni zuri la kuanzia sababu halina madirisha, mlango wake ni uwazi tu, na hata ukikosea likapinda kidogo ndo kwanza linafanana na la kweli. Futi 8 kwa 6, kwa hiyo inchi 8 kwa 6, ukuta inchi 6 kwenda juu, upande wa mbele uache wazi ili mtu aone ndani.

Sasa sikiliza hapa maana ndo kitu kinachowaangusha wengi: unene. Watu wanahangaika na urefu na upana wanasahau unene, halafu kitu kinakuwa kama katuni na hawajui kwa nini. Kila ukishika kitu kizidishe mara 12 kichwani. Kijiti cha aiskrimu kina kama milimita 2, kwa hiyo kwenye kijumba ni ubao wa sentimita 2.4, yani ubao wa inchi moja, safi kabisa. Kijiti cha mshikaki cha milimita 3 ni fito ya sentimita 3 na nusu. Karatasi ya boksi la dawa ya meno ni plaiwudi nyembamba. Lakini kipande cha kanga ya kweli, ile robo milimita yake inakuwa milimita 3, hiyo sio kanga tena ni zulia, ukiitundika kwenye kamba inasimama kama turubai.

Kiambaza kijenge juu ya boksi gumu. Bandika fito zako za mishikaki kwa gundi nyeupe ya mbao, wima na ulalo, halafu chekecha udongo kwa kichujio cha chai, ukoroge na gundi nyeupe na maji kidogo mpaka uwe kama uji mzito, pakaa kwa kidole. Tumia kidole kweli, usitumie brashi, sababu ukuta wa udongo huwa na alama za viganja na hata kwa udogo huu mkono unaonekana tofauti. Ukikauka utapasuka pasuka, uache. Sehemu mbili tatu banja udongo udondoke fito zionekane, hasa chini kule ambako mvua inaruka.

Bati. Hapa wengi wananunua karatasi za mikunjo, hela ya bure. Tafuta boksi la kawaida lenye unene kama wa milimita 3, lowesha karatasi ya juu kwa kitambaa chenye maji, subiri dakika chache, ibandue taratibu, ndani utakuta mawimbi yamekaa kila milimita 6 na kitu, na bati la kweli la mgongo wa kawaida wimbi lake lina sentimita 7 na nusu hivi, gawa kwa 12 uone. Yanalingana karibu kabisa! Siku nilipogundua hilo nilicheka peke yangu. Kata vipande vya inchi 2 kwa 6, paka rangi ya fedha, ikauke, halafu chukua sponji la kuoshea vyombo uliguse rangi ya kahawia yenye wekundu na kugonga gonga kwenye maungio na pale misumari ingekuwepo. Vipande vipishane wimbi moja. Juu yake weka kokoto mbili, kila mtu anajua bati la uani linashikiliwa na jiwe.

Vyombo ndo utamu wenyewe. Kinu ni kipande cha mpini wa fagio, una kama sentimita 2 na nusu upana kwa hiyo ni sentimita 30 kwa kweli, kichonge kiuno kwa kisu na msasa, toboa mdomo kwa parafujo kisha panua kwa ncha ya mkasi. Mchi ni kijiti cha mshikaki, kama sentimita 11, ncha zote uzizungushe kwa msasa. Sufuria, nunua vile vishumaa vidogo vya kikombe cha bati, toa nta, hilo ni sufuria la inchi 18, la kupikia ubwabwa wa shughuli. La kawaida lifinyange mwenyewe, kunja foili ya jikoni mara tatu na gundi katikati, ikandamize juu ya kitako cha makapeni mnene, kata, kisha pindua mdomo kwa nje milimita moja. Huo mdomo uliopinduliwa usiuruke, bila huo ni kopo tu.

Ungo: kitambaa cha marekani kile kigumu, kipake gundi nyeupe pande zote, kikandamize juu ya kizibo cha chupa ya maji kikauke, kata duara, zungushia uzi wa katani ukingoni, chovya kwenye chai ya rangi. Mbuzi ya nazi ni vibao viwili vya kijiti cha aiskrimu vinavyopishana kama X, na ulimi wake kata kwenye kopo la soda kwa mkasi wa kucha, meno yake chonga kwa ncha. Angalia vidole, kopo la soda linakata kama wembe.

Kwa chungu na maandazi utahitaji udongo wa kupika nyumbani. Kikombe kimoja cha konflawa, kikombe kimoja cha gundi nyeupe, kijiko kimoja cha mafuta ya mtoto, kijiko kimoja cha siki, weka kwenye sufuria kuukuu ambayo haitarudi tena kupikia chakula, moto mdogo, songa. Yani ni ugali ule ule, mwanzo uji, halafu mabonge, halafu linaachana na sufuria, ipua hapo hapo ukizidisha linakuwa gumu. Likande likiwa la vuguvugu, lifunge kwenye nailoni lilale. Linasinyaa likikauka kwa hiyo kila kitu kifinyange kikubwa kidogo kuliko unavyotaka. Andazi ni pembetatu ya milimita 8, kingo zibinye, katikati pavimbe. Rangi usipake ya maji, saga chaki ya rangi ya kahawia upate unga, pangusa kwa brashi kavu juu na chini tu, ubavuni acha, maana andazi la kweli lina ule mkanda mweupe pale mafuta hayakufika. Mkanda huo ndo unafanya mtu aseme hee.

Na ile kanga ya kwenye kamba, tumia kitambaa chepesi kabisa, leso ya mfukoni iliyochakaa inafaa, kata sentimita 12 na nusu kwa 9, chora pindo kwanza, kisha mji, jina mwisho, herufi za milimita 2 kwa kalamu ya ncha nyembamba isiyovuja. Yangu niliandika WEMA HAUOZI, nikakosea nafasi ikabidi OZI zibanane, haidhuru. Ichovye kwenye gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, itundike kwenye uzi, ipange mikunjo kwa kijiti cha meno na uiache mpaka kesho, itabaki imelegea kama ina uzito.

Nikadhani nimemaliza, nikampelekea bibi. Akavaa miwani, akainama, akaangalia muda mrefu sana hasemi kitu, halafu akasema, "Mume wangu, hili jiko la nani? Mbona halijapikiwa?" Nikamuuliza kivipi bibi. "Majivu yako wapi? Na masizi? Mimi nilikuwa napika kwa mate?"

Basi ndo hatua ambayo sasa siiruki. Saga mkaa uwe vumbi, chukua brashi laini, pangusa ukuta ulio nyuma ya mafiga kuanzia chini kwenda juu, chini mweusi ti halafu unafifia, na chini ya bati piga doa kubwa pale moshi unapofikia kwanza. Sufuria ipate weusi kitako na ubavuni, mdomoni ibaki inang'aa. Majivu tumia majivu kweli, chekecha, mwaga kati ya mafiga, kisha dondoshea maji yenye gundi nyeupe kidogo na tone moja la sabuni ya vyombo, hiyo sabuni inafanya maji yazame badala ya kuviringika juu na kuyahamisha majivu. Kuni ni vijiti vya mti wa kweli, mpera mimi naupenda, ncha za ndani zichome kidogo kwa kiberiti nje ya nyumba kabla hujazibandika. Frances Glessner Lee, yule mama wa Marekani aliyetengeneza vijumba vya matukio ya vifo miaka ya 1940 kufundishia wapelelezi, naye alikuwa mtu wa hivi hivi, kwa kipimo hiki hiki cha inchi kwa futi, anahangaika na uchakavu wa vitu sababu mpelelezi anasoma humo.

Gundi mbili tatu za kujua. Supaglu ni ya chuma na plastiki tu, na ikikumwagikia usiifute kwa pamba, mimi nilifanya hivyo ikatoa moshi mkononi na kuniunguza kidole, kumbe pamba na supaglu vikikutana vinachemka. Pia supaglu inatia ukungu mweupe kwenye plastiki angavu kwa hiyo kifuniko cha kuzuia vumbi kiunganishe kwa gundi nyeupe hata kama inachelewa kukauka. Na chakula cha kweli usiweke bila kukipaka vanishi, nilitumia chenga za suji kama wali, zilipendeza mno, wiki ya pili sisimizi walikuwa wamepanga foleni kuanzia dirishani mpaka kwenye sufuria la shughuli.

Likikamilika liweke mbali na jua la moja kwa moja, kanga itapauka. Vumbi toa kwa brashi ya poda ya usoni, mpya, sio ya dada yako.