C imejaa, D ina nafasi: jinsi ya kugawa upya diski

Patisheni ni kipande cha diski ambacho kompyuta hukichukulia kama diski inayojitegemea; Windows hukipa herufi, kama C (yenye Windows yenyewe) au D. Mwanzoni mwa diski kuna jedwali linaloonyesha kila kipande kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Jedwali la zamani, MBR, lina kikomo cha patisheni kuu 4 na ukubwa wa TB 2. Kompyuta za sasa hutumia jedwali jipya, GPT, ambalo kwenye Windows hubeba hadi patisheni 128.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha chagua Disk Management. Diski itachorwa kama mkanda uliokatwa vipande. Diski ya TB 1 itasomeka GB 931 hivi, nawe usidhani umepunjwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Vipande vidogo visivyo na herufi viache vilivyo. Cha EFI, ambacho mara nyingi ni MB 100, ndicho kinachoiwasha Windows; cha Recovery ni cha kuitengeneza ikiharibika.

Sasa kosa linalowakwamisha wengi. C imejaa, mtu anapunguza D kwa GB 50, halafu anakuta amri ya kupanua C, Extend Volume, imefifia, haibonyezeki. Sababu ni kwamba Windows hupunguza patisheni kwa kuikata mwishoni. Nafasi iliyopatikana iko nyuma ya D, na C inaweza tu kumeza nafasi iliyogusana nayo upande wa kulia.

Kwa hiyo D yenyewe lazima iondoke kwanza. Nakili mafaili yake yote kwenye diski ya nje, ufungue machache kuhakikisha yamefika salama. Kama BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, imewashwa, hifadhi ufunguo wake wa dharura nje ya kompyuta hiyo. Bofya kulia juu ya D, chagua Delete Volume. Mkanda ukiwa mweusi, nafasi iko huru. Ukiwa wa kijani, diski ni ya MBR na D ilikuwa ndani ya patisheni nyingine iliyoifunika. Futa na hiyo pia. Kisha bofya kulia juu ya C, Extend Volume, uandike kiasi kwa MB: GB 50 ni 51200. Nafasi iliyobaki itengenezee New Simple Volume (patisheni mpya) ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, na uipe herufi ileile D, la sivyo njia za mkato zilizoelekezwa huko hazitafunguka.

Recovery ikiwa imekaa katikati ya C na D, Disk Management haiwezi kuisogeza. Hapo tumia GParted, programu ya kugawa diski, ukiwasha kompyuta kwa flashi. Chomeka chaja kwanza: umeme ukikatika patisheni ikiwa inahamishwa, data inaweza kuharibika.

Ukitaka kinyume chake, yaani kuipunguza C ili kupata D, Windows inaweza kukupa GB 8 tu ilhali kuna GB 200 tupu. Kuna mafaili yasiyohamishika yaliyokaa mbali kwenye mkanda, hasa hiberfil.sys (la kulaza kompyuta, yaani hibernate) na pagefile.sys (la kuisaidia RAM). Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, zima pagefile kwa muda, washa upya kompyuta, ujaribu tena. Ukimaliza, rudisha vyote. Kwa SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 256, hata hivyo, heri usigawe kabisa. Folda zinatosha, na D iliyo kwenye diski ileile si nakala rudufu, kwani diski ikifa vinakwenda vyote.

Ukifuta patisheni isiyo yenyewe, usifomati wala usiandike chochote juu yake. Kwa kawaida kilichofutika ni mstari wa kwenye jedwali, na TestDisk, programu ya kuokoa patisheni, inaweza kuurudisha. Ila kwenye SSD matumaini ni madogo zaidi, maana Windows huweza kuiamuru diski isafishe nafasi iliyoachwa.