Bomba likipasuka nyumbani usifanye kama kwenye muvi

Kwenye muvi bomba likipasuka lazima maji yaruke mpaka darini, alafu mtu anakimbilia kuziba na viganja, maji yanampiga usoni, anapiga kelele, anakuja wa pili kumsaidia na yeye analowa chapachapa. Sasa ndugu zangu, zile dakika unazohangaika kuziba kwa mikono ndo maji yanaingia kwenye kapeti, kwenye godoro, kwenye gunia la mchele. Mkono hauzuii presha, kinachozuia ni geti valvu, yaani ile koki kubwa ya kufungia maji ya nyumba nzima, na kabla hujaendelea kusoma naomba uinuke ukaangalie ya kwenu iko wapi.

Nyumba nyingi huku Mbeya na Iringa zenye simtanki zina valvu mbili, moja pale kwenye mita na nyingine kwenye bomba linalotoka chini ya tanki, kwa hiyo ukifunga ya mita tu na tanki limejaa maji yataendelea kumwagika mpaka lita zote ziishe ndani. Funga zote. Ya kuzungusha unaipeleka kulia, ile ya mkono ukiukalisha msalaba na bomba ndo imefungwa. Na uwe unaifunga na kuifungua kila baada ya miezi michache maana ikikaa miaka haijaguswa inaganda, siku ya tukio unaibana na spana inakatika shingo, hapo una matatizo mawili. Dada wa kazi aijue, watoto wakubwa waijue.

Maji yakishafika kwenye soketi au yanachuruzika karibu na hita ya bafuni, zima meni switchi kwanza kabla hujakanyaga humo. Huku kwetu na baridi hii hita za umeme za bafuni ziko nyumba nyingi, hapo usifanye mzaha kabisa.

Kuhusu maji kuruka darini, inategemea. Kila mita 10 za mwinuko zinakupa kama bar 1 ya presha, kwa hiyo simtanki likiwa kwenye stendi ya mita 3 una kama bar 0.3 tu na maji hayawezi kupanda kupita usawa wa maji yaliyomo tankini. Ila kama umeungiwa moja kwa moja na bomba la mtaa na nyumba iko bondeni, na milima ya Mbeya tunaijua, tanki la mtaa likiwa mita 60 juu yako hiyo ni hadi bar 6, mchana watu wakitumia maji inakuwa chini ya hapo ila usiku wakilala matumizi yanapungua presha inapanda kukaribia bar 6 yote, ndo maana viungio vingi vinaachia usiku. Hapo kipunguza presha kifungwe baada ya mita, usingoje bomba la pili lipasuke.

Ukishafunga maji ndo unatuliza kwa muda. Kwenye muvi wanabandika bigijii. Wewe chukua tyubu ya baiskeli kuukuu, kata utepe mrefu, kausha bomba, anza kuzungushia kama sentimita 10 kabla ya ufa huku unauvuta kwa nguvu mpira unyooke, kila mzunguko ulale juu ya nusu ya ule uliopita, pita ufa mpaka upande wa pili, alafu kaza na waya wa kufungia nondo. Fungulia maji kidogokidogo uangalie. Inakuvusha mpaka fundi aje, haimwondoi fundi.

Kwenye Home Alone ya 1990 yule mwizi Marv anaziba sinki za watu anaacha koki wazi, nyumba zinafurika. Huku jambo hilohilo linaletwa na mgao: mtu anafungua koki hakuna maji, anaiacha hivyohivyo anaenda zake sokoni Mwanjelwa, sinki lina sahani na kitambaa kimeziba tundu, maji yanarudi hakuna mtu. Koki isipotoa maji ifunge palepale, na ukisafiri funga valvu ya mita.

Lakini uharibifu mkubwa hauna kelele, na hili muvi hazionyeshi. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inamaliza karibu ndoo ya lita 20 kwa siku. Ukiona rangi ya ukuta inavimba au bili imepanda bila sababu, funga koki zote, hakikisha tanki halijazi, kaangalie kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita, kikizunguka kuna maji yanapotea mahali.

Sinki likiziba, mara nyingi huku ni mafuta, yale ya kitimoto yakikutana na baridi ya Juni yanaganda hata hayajafika mbali. Usimwage maji yanayotokota, kwa mwinuko wetu yanachemka kwenye nyuzi kama 94 lakini bado yanatosha kulainisha bomba la PVC. Weka ndoo chini, fungua kwa mkono ile chupa ya plastiki iliyo chini ya sinki, toa uchafu, osha, rudisha na mpira wake. Na usichanganye jiki na dawa yenye asidi, inatoa gesi ya klorini, bafu dogo lililofungwa madirisha kwa ajili ya baridi linaweza kukuua.

Choo kikijaa maji usiflashi mara ya pili, ndo inayomwaga. Fungua mfuniko wa tanki, nyanyua boya kwa mkono maji yaache kuingia, funga kikoki cha ukutani, subiri yashuke ndo uanze kuzibua. Kama yanapanda na kwenye tundu la bafu basi tatizo liko kwenye chemba nje, kaifunue hiyo kwanza.

Na ikivuja kabla ya mita usichimbe mwenyewe, pigia mamlaka ya maji, piga picha namba za mita siku hiyohiyo.