Somo: Kupamba sebule kwa mimea, anza na dirisha ndo uende kwa muuza maua

Wapendwa habari zenu, leo ni mimea ya ndani, na nawalenga zaidi sisi wa Dar tunaokaa chumba na sebule au vyumba viwili. Watu wengi wanapita kwa wauza maua barabarani, wanapenda jani, wanalipa, wakifika home ndo wanaanza kutafuta pa kuliweka. Geuza huo mpangilio.

Hatua ya 1: pima mwanga. Saa sita mchana zima taa, weka karatasi nyeupe pale unapotaka ua likae, nyoosha mkono juu yake. Kivuli kikitoka mpaka vidole vinahesabika, hapo karibu kila mmea utakaa, kikiwa ukungu ukungu hapo ni pa ZZ (ua la majani manene yanayong'aa) na sneki planti (lile la majani marefu yaliyosimama kama upanga) tu, kisipoonekana kabisa tundika picha yaishe. Na kumbuka jua linahama, huku kwetu dirisha la kaskazini linapigwa jua mwezi wa sita, la kusini Disemba, so ua lililokuwa limetulia dirisha la kusini mwaka mzima linaweza kuungua majani Disemba na hujaligusa.

Hatua ya 2: chagua mmea. Kama ndo unaanza chukua ZZ. Cha kuchekesha ni kwamba asili yake ni huku huku, Kenya na Tanzania kushuka mpaka Afrika Kusini, ila walioifanya biashara kubwa ni Waholanzi miaka ya 90, sasa tunauziwa kama kitu cha kizungu. Chini ina viazi vinavyotunza maji ndo maana ukisafiri unaikuta. Mani planti, ile inayotambaa yenye majani ya umbo la moyo, nzuri kwa juu ya kabati, inaning'inia yenyewe.

Hatua ya 3: chungu na udongo. Chungu lazima kiwe na tundu chini, hapa sina mjadala. Changanya udongo mweusi sehemu mbili, mchanga wa mto moja, samadi iliyoiva moja. Samadi mbichi inaunguza mizizi na harufu yake sebuleni utaijua mwenyewe. Chungu cha plastiki kibaya? Kitumbukize na sahani yake ndani ya kikapu cha ukili, hapo hata ua la bei chee linaonekana la maana.

Hatua ya 4: maji. Hapa ndo maua mengi yanafia. Usifuate ratiba, chomeka kidole, udongo ukiwa na unyevu acha. Ukimwagilia, mwaga mpaka yatoke chini, kisha baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Usiyaache, mbu wa dengue anazaliana kwenye maji kidogo kama hayo na Dar dengue tumeiona 2014 na 2019. Wanaotumia maji ya kisima chenye chumvi, ncha za majani zitakauka na juu ya udongo patafanya weupe, kinga maji ya mvua umwagilie hayo.

MASWALI

*Dada, ZZ yangu majani yanakuwa njano na shina limelegea, niongeze maji?*
Hapana jamani! Maji yamezidi. Itoe, kata utupe viazi vilivyooza, vizima viache vikauke siku moja mbili, panda kwenye udongo mkavu na usimwagilie wiki nzima.

*Mkuu, eti ua chumbani usiku linakuibia hewa?*
Linavuta kidogo mno, uliyelala naye kitanda kimoja anavuta kuliko maua yote ya nyumba. Na ile ya kwamba maua yanasafisha hewa ya ndani pia msidanganyike, jaribio la NASA (shirika la anga la Marekani) la 1989 wanalolitaja lilifanywa kwenye makasha madogo yaliyofungwa, kwako fungua dirisha.

*Nina mtoto anatambaa, kila kitu mdomoni.*
Mama, ZZ, mani planti na difenbakia (ua la majani mapana yenye madoa meupe) weka juu asikofika, utomvu wake unawasha na kuvimbisha mdomo. Chini weka spaida planti (ile ya majani membamba yenye mistari myeupe), haina sumu, ila udongo wake ndo ataula tu huyo.

*Bafu langu halina dirisha, nataka kitu cha kijani.*
Nunua la plastiki kaka.