Ukuta wa Mtaa: Jinsi Tunavyochora na Vijana Eastlands, Kuanzia Kuomba Hadi Kutunza

Kuchora kwenyewe huchukua siku nne au tano. Kuupata ukuta na kuufanya uwe wa mtaa huchukua hata wiki sita, na hapo ndipo vikundi vingi vya vijana Nairobi huruka. Ndiyo maana hatua tatu za kwanza hapa chini hazina tone la rangi.

Hatua ya 1: Tafuta ukuta unaosumbua

Usianze na ukuta mzuri ulio kando ya barabara kuu. Uliza mtaani ni wapi watu huogopa kupita usiku, ni wapi taka hurundikana. Kisha nenda ukae hapo saa 12 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 jioni. Angalia nani anapita, nani anakwepa, nani anatupa taka na anatoka nyumba gani.

Ukishajua, ondoa taka kwanza. Dandora, huku huku Eastlands, ambako nyumba nyingi zimepangwa kuzunguka viwanja vidogo vya pamoja, vijana walisafisha viwanja hivyo, wakapanda miti na kupaka rangi. Mpangilio huo una maana. Ukichora juu ya jalala, baada ya wiki mbili utakuwa na jalala lenye picha nyuma yake.

Hatua ya 2: Omba ruhusa kwa maandishi

Mwombe mwenye nyumba mwenyewe, si msimamizi wake. Mwaka wetu wa kwanza tulichora kwa neno la mdomo la msimamizi. Mwezi haujaisha, mwenye nyumba akaja na fundi wake akapaka ukuta wote nyeupe. Kulikuwa na alama za viganja vya watoto thelathini na kitu, kila mmoja na rangi aliyoichagua. Wakatoka shule wakakuta hakuna kitu. Niliona mtoto mmoja akipapasa ile rangi mbichi akitafuta mahali mkono wake ulipokuwa. Tangu siku hiyo sifungui kopo kabla barua haijatiwa sahihi.

Mjulishe chifu na wazee wa nyumba kumi. Ukuta wa umma una ofisi yake. Nenda kaunti ndogo uulize ni ofisi ipi. Ukuta wenye alama ya X nyekundu uachane nao, umeshapangiwa kubomolewa. Na mfadhili akitaka nembo yake iwe kubwa kuliko picha, mkatalie: hilo sasa ni tangazo, na kaunti hutoza ada kwa matangazo.

Hatua ya 3: Sikiliza

Ukiwauliza watu “mnataka tuchore nini?” watakuambia simba na bendera. Uliza “hapa palikuwa na nini zamani?” na “nani asipokuwepo hapa mtaa unakwama?” Katika kikao kimoja tulichofanya chini ya hema la kukodi, wazee walibishana karibu saa nzima kuhusu mti uliokatwa, ambao watu walikuwa wakingojea basi chini yake. Wakakumbuka hata benchi lake lilivyokuwa limevunjika mguu. Kisha vijana wa bodaboda wakamtaja mama wa chapati, anayewasha jiko kabla hakujapambazuka, na mwanga wa jiko lake ndio unaowafanya wasichana wapite pale bila woga.

Tulichora mti na mikono ya yule mama ikisukuma chapati, unga umeshika hadi kwenye viwiko. Alipoona rasimu alisema, “Pete mmesahau.” Tukaiongeza.

Maneno ya ukutani yana uzito hapa kwetu. Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, msanii Solo7 alizunguka Kibera akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta na mabati, kwa rangi na brashi tu. Yalisomwa kwa sababu aliyeyaandika alikuwa mtu wa Kibera.

Hatua ya 4: Tayarisha ukuta

Gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Ikitoa sauti kama ya debe tupu, imeachana na mawe, na itaanguka na mchoro wako. Ibandue, fundi apige mpya, kisha subiri kama siku 28 ikauke. Ukiona unga mweupe kama chumvi sehemu ya chini, maji yanapanda kutoka ardhini, na mara nyingi ni mtaro ulioziba. Zibua mtaro kabla ya kununua rangi. Majirani watakushukuru kwa hilo kuliko kwa picha.

Sugua kwa brashi ya waya, osha, acha ukauke, kisha paka rangi ya msingi. Lita 1 ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 za plasta laini. Plasta ikiwa na makwaruzo, hesabu mita 7 au 8 tu. Ukuta wa mita 12 kwa 2.5 ni mita za mraba 30, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha kupaka mara moja kama plasta ni laini. Mabati yanataka rangi inayofaa mabati.

Kwepa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Julai anza saa 4, ukuta ukishaacha baridi.

Hatua ya 5: Hamisha mchoro

Njia ya zamani ni miraba: kila sentimita 5 za karatasi ziwe sentimita 50 ukutani. Vijana wangu wanapenda nyingine. Jaza ukuta alama ovyo kwa chaki, herufi, nyota, majina, piga picha, kisha kwenye simu weka rasimu juu ya picha hiyo. Sasa kila mstari wa rasimu una alama jirani ya kukuonyesha utakapopita ukutani.

Hatua ya 6: Paka

Anza na maeneo makubwa, malizia na mistari myembamba. Watoto wapake sehemu ya chini, kwa idhini ya wazazi. Ngazi ni ya watu wazima. Vijana wanaofanya kazi walipwe, na malipo yaandikwe kwenye bajeti kabla ya rangi. Kijana aliyesimama juani siku tano amefanya kazi ya fundi.

Hatua ya 7: Acha mtunzaji

Rangi iliyobaki isirudi nawe. Jaza kopo dogo la kila rangi kuu, andika jina lake na sehemu ilikotumika, umwachie aliye karibu zaidi na ukuta. Zetu ziko chini ya meza ya mama wa chapati, pamoja na brashi mbili. Mvua za Mei zikiisha tunapita kutazama nyufa na pale mtoto alipokwaruza kwa msumari. Mara ya mwisho tulikuta ile pete imeshapakwa upya.