Hesabu za ikwilibriamu: usikubali ile 2x ikupoteze

Juzi nimekaa na mdogo wangu wa kidato cha tano toka saa moja jioni mpaka karibu saa sita, swali moja tu la Kc, yaani ile namba ya ikwilibriamu (hali ambayo mmenyuko wa kwenda na wa kurudi umelingana kasi) inayolinganisha konsentresheni za zao na za kianzio. Kemia anaijua, kilichomkwamisha ni mstari mmoja.

Swali: moli 1 ya N₂O₄ iko kwenye chombo cha lita 2, nyuzi 25, Kc ni 0.0046. Tafuta konsentresheni za mwisho.

Hatua ya 1. Balansi: N₂O₄ ⇌ 2NO₂. Kwa hiyo Kc = [NO₂]² ÷ [N₂O₄], mabano ya mraba ni konsentresheni, moli kwa lita.

Hatua ya 2. Gawa moli kwa lita, unapata 0.5.

Hatua ya 3. Chora jedwali, kwa penseli tafadhali, zile app za kukutolea jibu achana nazo kabisa mpaka uwe umeshaelewa. Mistari mitatu: mwanzo, mabadiliko, mwisho. N₂O₄ inaanza 0.5, inapungua x, inabaki 0.5 − x. NO₂ inaanza 0, inaongezeka 2x maana kila molekuli moja ikivunjika zinatoka mbili. Sasa hapa ndo usiku wetu uliishia, dogo kaandika 2x² mimi naangalia naona sawa tu, kumbe ni (2x)² yaani 4x². Hizo namba 2 kwenye (2x)² ni tofauti jamani, ile ya ndani ya mabano inatoka kwenye kubalansi, ile ya juu ni kipeo cha kwenye fomula ya Kc, na zote zinatakiwa ziwepo, kwa hiyo weka mabano kwanza ndo upandishe kipeo. Sisi tulipata NO₂ 0.0656, tukairudisha kwenye fomula ikatoa 0.0092, mara mbili kamili ya Kc! Ukiona imezidi mara mbili hivyo, kimbilia mabano moja kwa moja. Halafu x siyo jibu la NO₂, jibu ni 2x, hapo pia wengi wanadondosha maksi.

Hatua ya 4. Weka za mstari wa mwisho kwenye fomula: 4x² ÷ (0.5 − x) = 0.0046. Ukipanga upya: 4x² + 0.0046x − 0.0023 = 0. Kalkuleta inatoa x = 0.0234, ile ya hasi tupa, konsentresheni haiwezi kuwa chini ya sifuri.

Hatua ya 5. NO₂ ni 0.0468, N₂O₄ ni 0.4766. Rudisha: 0.0468² ÷ 0.4766 = 0.0046. Imekubali, funga daftari.